KUCHAGUA PROGRAMU YA RAMANI KWA SIMU ZA USHIRIKA

(Maelezo ya Kamati kwa wanachama, yaliyotolewa ghalani. Tumeyaandika hapa ukutani ili waliokuwa shambani nao wayasome, na asiyeona vizuri asomewe.)



Mlikwisha kukubali kwamba simu mbili za ushirika, ya katibu na ile inayokaa kwenye lori, ziwekwe programu ya kuonyesha njia. Lililobaki ni moja: programu ipi? Sisi wa Kamati tumezijaribu tatu. Leo tunawaeleza ili mkinyoosha mikono mnyooshe mkijua.

Kwa nini tusiseme "yoyote tu"? Mnakumbuka lile lori la mbegu. Dereva alikuwa mgeni, akafuata simu yake, simu ikamkatisha mbugani kwa kuwa ndiyo njia fupi. Kiangazi inapitika kweli. Lakini mvua ilikuwa imeanza, na udongo mweusi wa mbuga tunaujua sisi. Lori lililala huko siku mbili, mbegu tukazitoa kwa mikokoteni ya ng'ombe na baiskeli, na wenzetu kadhaa wakachelewa kupanda. Simu haikukosea mahali lori lilipo. Ilichokosa ni habari za mbuga.

Sasa basi, tuyatenganishe mambo mawili. Kuna MAHALI ULIPO, na kuna RAMANI.

Mahali ulipo, simu inapata kutoka setilaiti. Za Marekani zinaitwa GPS, zinazunguka dunia kwa urefu wa kilometa 20,200 hivi, na mpango wake ulikamilika mwaka 1995. Warusi wana GLONASS, Ulaya wana Galileo, na Wachina wana BeiDou waliyoikamilisha mwaka 2020. Simu nyingi za leo husikia za zaidi ya taifa moja. Setilaiti inatangaza saa yake na mahali ilipo, kama redio. Simu kazi yake ni kusikiliza. Ikisikia nne kwa pamoja, inapiga hesabu na kujua ilipo. Hapo hakuna malipo wala bando. Hata kule bondeni ambako mtandao haushiki, simu itajua ilipo, mradi mbingu inaonekana.

Ramani ndiyo yenye kazi. Ikiwa programu inaleta ramani kwa mtandao kila mara, ukifika bondeni utaona alama yako imekaa juu ya karatasi tupu. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ni hili: ramani inakaa ndani ya simu au inabaki mtandaoni? La pili: inazijua njia zetu? La tatu: ikikosea, sisi tunaweza kuisahihisha?

Tulizozijaribu ni hizi:

1. GOOGLE MAPS. Simu nyingi zinakuja nayo. Mjini ni nzuri sana, inaonyesha hata foleni. Unaweza kuhifadhi eneo ndani ya simu, lakini ramani hiyo ina muda wake, usipoihuisha inafutika. Bila mtandao inaongoza gari, haiongozi mtu wa miguu. Ukiona kosa unapeleka taarifa, na kampuni ndiyo inayoamua.

2. OSMAND. Inatumia ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora na kuirekebisha. Ramani inakaa ndani ya simu. Ina mambo mengi, hata kurekodi njia uliyopita. Ila ina vitufe vingi mpaka mtu anapotea kabla hajaondoka! Tena toleo la bure lina kikomo cha ramani unazopakua.

3. ORGANIC MAPS. Nayo inatumia OpenStreetMap, inakaa ndani ya simu, ni ya bure na haina matangazo. Ni nyepesi kujifunza. Inaongoza gari, baiskeli na mtu wa miguu bila mtandao. Mahali kama kisima au zahanati unaweza kupaongeza kwa simu hiyo hiyo. Njia ndefu, hiyo huchorwa kwenye kompyuta.

Kamati inapendekeza hii ya tatu kwa simu zote mbili, na Google Maps ibaki kwa safari za Mwanza.

Lakini jamani, tusidanganyane. Tulipoifungua hapa kijijini tulikuta barabara kubwa ipo, mto upo, na vitongoji viwili havina hata jina. Hakuna programu itakayokijua kijiji ambacho wenyewe hawajakisema.

Wenzetu wa Mara wametangulia. Tangu 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map wanachora vijiji vya Tanzania kwenye OpenStreetMap. Walioko mbali wanachora nyumba na njia kwa kutazama picha za setilaiti. Wenyeji wanaweka majina, maana picha haisemi jina. Ramani hizo zimesaidia kuwafikia wasichana waliokuwa katika hatari ya kukeketwa. Dar es Salaam nako, kazi ya Ramani Huria ilianza mwaka huo huo, wakazi na wanafunzi wakachora mitaa inayopata mafuriko. Ikiwa kwao imewezekana, kwetu kitashinda nini? Leo ni lori la mbegu. Kesho ni gari la wagonjwa linamtafuta mama mjamzito usiku.

Kwa hiyo tunaomba kila kitongoji kitoe vijana wawili, wa kike na wa kiume, watembee na katibu. Waandike visima, zahanati, shule, maghala, vivuko, na njia zisizopitika masika. Majina wawaulize wazee, siyo kubuni. Nyumba za watu na majina yao wasiandike, kwani ramani hii inaonekana na dunia nzima.

Onyo moja. Wapo waliokwisha anza kusema simu itamaliza ugomvi wa mipaka. Haitamaliza. Simu ya kawaida, hata mahali peupe, inaweza kukosea mita 5 hivi. Ekari yetu ya hatua 70 kwa 70 ina upande wa mita 64 hivi. Sogeza upande mmoja mita 5, umemnyang'anya jirani mita za mraba 320, karibu sehemu moja ya kumi na tatu ya ekari! Mpaka ni kazi ya mpima ardhi na mashahidi.

Basi, mkikubali, kazi ni hizi: katibu apakue ramani akiwa mjini penye mtandao mzuri; lori lipate waya wa chaji, kwani programu hizi zinakula betri; na ramani ihuishwe kabla ya kila msimu. Dereva naye, akiona mbuga imelowa, asimame aulize watu. Kuuliza si ujinga.

Kura ni Jumamosi, hapa hapa ghalani. Fikeni wote. Njia ni zetu, tuziseme wenyewe.

Ushirika ni nguvu!

Kamati ya Ushirika