Dalili za Breki na Mafuta ya Motokaa

Leo twataka kusema nanyi juu ya breki na mafuta ya motokaa. Huenda mmoja wenu akauliza, "Yanihusu nini, nami sina motokaa?" Lakini ni nani katika Rungwe asiyepanda gari? Ndizi zetu na viazi vyetu haviendi sokoni kwa miguu. Tena njia zetu si za tambarare: toka Tukuyu kushuka hata Kyela ni zaidi ya mita 1,000, na aendaye Mbeya hupanda hata Isyonje, kisha huteremka Uyole.

Dereva akanyagapo breki, mguu wake hausukumi gurudumu. Husukuma mafuta maalum yaliyomo katika mirija myembamba, nayo husukuma breki magurudumuni. Maarifa haya yalitiwa katika magurudumu yote manne ya motokaa za Duesenberg, huko Marekani, mwaka 1921. Mafuta hayakubali kubanwa yakapungua, ndiyo maana nguvu hufika. Mvuke hubanwa, na hapo ndipo hatari ilipo. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani, na Rungwe yetu haikosi unyevu! Yale ya DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya digrii 205. Yakiisha kuingiwa na maji huweza kuchemka kwa 140. Basi dereva akishikilia breki mteremko mzima, joto hupita humo, mafuta huchemka, na pedali huzama pasipo kushika kitu.

Siku moja tulipanda lori dogo la ndizi. Dereva alikuwa akikanyaga mara mbili mbili kila apatapo kona, nasi tukacheka kuwa anacheza ngoma. Bibi mmoja mzee hakucheka. Alisema, "Mwanangu, kuna kitu kinaungua." Gari likasimamishwa penye mwinuko; gurudumu la mbele lilikuwa likitoa moshi. Tulingoja mpaka likapoa, na kifuniko kilipofunguliwa, mafuta ya breki yalikuwa meusi kama kahawa. Bibi yule hakujua kuendesha hata baiskeli, lakini pua yake ilijua.

Basi pedali ikiwa laini kama ndizi mbivu, au ikishuka kuliko jana, au gari likivutwa upande mmoja, au chuma kikikwaruza, msiendelee na safari. Katika malori makubwa, ambayo breki zake ni za upepo, sikilizeni mlio wa upepo unaovuja, na mtazame kipimo kabla ya kuondoka. Na yule atoaye gia mteremkoni ili kuokoa mafuta, twamwona mjinga, tusemeni wazi: gia ndogo ndiyo imsaidiayo breki.

Usiku tandikeni karatasi nyeupe chini ya gari, na alfajiri mtazame matone. Meusi au ya hudhurungi aghalabu ni mafuta ya injini. Mekundu huwa ya gia au ya usukani. Ya manjano hafifu, yenye utelezi, karibu na gurudumu, ni ya breki, na gari hilo lisitoke. Kijiti cha kupimia kikitoka na mafuta yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia injini.

Limebaki jambo la rejeta. Palipo na kimo cha mita 2,000, maji matupu huchemka kwa digrii 93 hivi, wala si 100. Kifuniko cha rejeta huyabana yasichemke mapema. Ukikifungua yangali moto, yote huruka mara moja usoni pako. Zimeni injini, mkae kivulini, mngoje hata mkono uweze kutulia juu ya rejeta bila kuungua, ndipo mfungue polepole.