Hesabu Siku za Ugonjwa

Natumaini daftari na kalamu ziko tayari, na mwalimu wenu amekwisha kuandika ubaoni neno letu la leo: VIRUSI.

Virusi ni vijidudu vidogo mno, havionekani kwa macho. Vingine huleta mafua. Vingine huleta UVIKO-19, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita korona. Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Tanzania alitambuliwa mwezi Machi 2020, huko Arusha. Virusi hivyo havijatoweka, lakini sasa viko vidonge vya kuvizuia. Mwezi Aprili 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri wapewe wagonjwa ambao hawajazidiwa lakini wamo hatarini, kama wale ambao kinga ya miili yao ni dhaifu. Wazee na wenye kisukari nao huangaliwa sana.

Je, vidonge hivyo hufanyaje kazi? Virusi vikiingia mwilini hutengeneza kitu kama kamba ndefu. Kamba hiyo lazima ikatwe vipande, ndipo virusi vipya viundwe. Dawa iitwayo nirmatrelviri hulifanya butu panga la kuikatia. Panga likiwa butu, kamba haikatiki, na virusi haviongezeki.

Lakini ini letu huivunja dawa hiyo upesi. Kwa hiyo humezwa pamoja na nyingine, ritonaviri, ambayo hulichelewesha ini. Ritonaviri si ngeni. Ilianza kutumika mwaka 1996 kwa wagonjwa wa UKIMWI, ugonjwa ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983 katika mkoa wetu huu wa Kagera.

Sasa shikeni mambo mawili.

La kwanza, hesabu siku. Tuseme mkulima wa Nkwenda, mwenye kisukari, anaanza homa na kikohozi siku ya Jumatatu. Anasema, "Ngoja kwanza nimalize kuanika kahawa." Jumapili kifua kinambana, ndipo anapelekwa hospitali. Hesabuni: Jumatatu mpaka Jumapili ni siku 7. Vidonge hivi hutakiwa vianzwe ndani ya siku 5. Wakati wake umempita, na sasa huenda akahitaji oksijeni. Kahawa ingeweza kuanikwa na jirani.

La pili, taja dawa zako zote. Kwa kuwa ritonaviri hulichelewesha ini, dawa nyingine unazotumia zaweza kujaa mwilini kupita kiasi. Na rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huiondoa nirmatrelviri upesi hata isifae kitu. Basi zifunge dawa zako kwenye kitambaa, hata za mitishamba, ukamwonyeshe daktari. Usione haya.

Si kila zahanati ina vidonge hivi, wala si kila anayekohoa anavihitaji. Kupimwa ndiko kunakotangulia. Wala usikimbilie dukani kununua antibayotiki. Hizo huua bakteria, haziui virusi. Na mtu anayepumua kwa shida asingoje hata saa moja. Apelekwe hospitali mara moja.

Sasa tufanye hesabu. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni vidonge 3 asubuhi, viwili vya nirmatrelviri na kimoja cha ritonaviri, na vingine 3 jioni, kwa siku 5. Andikeni: 3 + 3 = 6. Kisha 6 × 5 = 30. Ukipata nafuu siku ya pili, usiache. Vimalize vyote 30. Usimgawie jirani: mwenye ugonjwa wa figo, kwa mfano, hupewa kipimo pungufu.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Homa imeanza Jumatano. Siku ya 5 ni ipi?
2. Kwa nini mgonjwa ataje dawa zake zote?
3. Kwa nini antibayotiki haiponyi korona?

Someni somo hili tena nyumbani, kwa sauti, ili na wasiojua kusoma wasikie. Kwaherini.