Jina la Suzana, Ua la Majini



Wasikilizaji wapenzi, katika somo hili twataka kuzungumza nanyi juu ya jina moja la ubatizo linalojulikana sana katika parokia zetu: Suzana. Wako wazazi wampao mtoto jina hili kwa sababu nyanya yake aliitwa hivyo, wala hawaulizi zaidi. Wako na wengine walikataao, wakisema ni jina la Wazungu. Tufuate basi njia ya jina hili tangu asili yake, tujue maana yake, na tuone linatudai nini sisi tunaolitoa.

Wafaransa husema Suzanne. Walatini walisema Susanna, nao walilipokea kwa Wagiriki. Wagiriki walilipata kwa Waebrania, wasemao Shoshana, yaani ua zuri la namna ya yungiyungi. Lakini njia haiishii hapo. Wajuzi wa lugha za kale huona ya kuwa neno hilo latoka Misri, ambako yungiyungi la mto Nili liliitwa seshen. Basi jina linalodhaniwa kuwa la Ulaya lilichipua katika maji ya Afrika, likapita kwa mataifa mengi, likaturudia limevaa nguo nyingine.

Haya yafaa kukumbukwa. Mwaka 1972 serikali ya Zaire iliwakataza raia majina ya kigeni, na wengi waliacha kuyatumia hadharani majina yao ya ubatizo. Baada ya mwaka 1990 wakayarudia mbele ya watu. Kanisa nalo, katika sheria yake ya mwaka 1917, liliwaagiza mapadri waangalie kila mbatizwa apewe jina la kikristu. Sheria ya mwaka 1983 yataka tu jina lisiwe kinyume cha moyo wa kikristu. Kwa hiyo jina la wazee wetu laweza kutajwa penye maji ya ubatizo. Jina halina heshima kwa kuwa latoka mbali, wala halina aibu kwa sababu hiyo. Heshima yake ni maana yake, na maana isipofundishwa hufa.

Ua lenyewe mnalijua, ninyi mkaao kando ya maziwa na mabwawa. Mizizi yake imo matopeni, majani yake yaelea juu ya maji, nalo ua hufunguka bila doa la tope. Mfalme Solomoni alipojenga Hekalu la Yeruzalemu, vichwa vya nguzo mbili za ukumbi vilifanyizwa kwa mfano wa maua ya namna hiyo.

Tumtazame sasa mwanamke aliyelichukua jina hili. Habari zake zimo katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13. Suzana, binti Hilkia, mke wa Yoakimu, alikaa Babeli. Wazee wawili, waamuzi wa watu, walimvizia bustanini, wakamwambia: ukubali, la sivyo tutakushuhudia kwamba ulikuwa na kijana. Suzana akakataa, akapiga kelele. Kesho yake wakamshitaki, na mkutano wote ukawasadiki kwa sababu walikuwa wazee na waamuzi. Akahukumiwa kufa.

Ndipo kijana Danieli alipopaza sauti. Akawatenga wale wawili, akamwuliza kila mmoja: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti utoao ulimbo, mwingine akataja mwaloni. Uongo wao ukaonekana, na damu isiyo na hatia ikaokoka.

Wasikilizaji wapenzi, hapa ndipo jina linapotudai. Katika vijiji vyetu, na hata mashuleni, wako wakubwa wamtakao msichana kwa nguvu ya cheo chao. Naye akikataa, humharibia sifa. Je, sisi tutauliza kama Danieli, au tutashika mawe pamoja na mkutano? Na yule aliyeshindwa kwa nguvu, tusimwite mchafu. Tope ni la aliyemtenda. Msimfukuze nyumbani, wala msipokee mbuzi au fedha ili neno lizimwe.

Baba na mama, mtakapomchagulia binti jina hili, mwelezeni maana yake angali mdogo. Mwambieni pia ya kuwa Mtakatifu Luka amtaja Suzana mwingine, mmoja wa wanawake waliomhudumia Yezu na mitume kwa mali yao. Halafu mlinde ua hilo mlilolipanda.

MAULIZO

Jina Suzana maana yake nini?
Maana yake ni ua la namna ya yungiyungi.

Kwa nini mkutano uliwasadiki wale wazee?
Kwa sababu ya cheo chao, pasipo kuchungua maneno yao.

Tufanye nini mtu akishitakiwa mbele yetu?
Tumsikilize, tuwaulize mashahidi mmoja mmoja, ndipo tuseme neno.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu. Kwa herini mpaka somo lijalo.