Macho Mazima, Uoni Hafifu

Mtoto ameketi mkekani, bakuli la uji liko mbele yake, naye halioni. Kuku akikatiza mbio, kichwa kinageuka. Kwa jirani huo ni ukaidi: amwone kuku, ashindwe kuuona uji? Kwa daktari anayelijua tatizo, hiyo ni dalili ya kuandikwa kwenye kadi. Mwaka 1917 daktari George Riddoch wa Uingereza aliandika habari za askari waliojeruhiwa kisogoni katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: katika upande ambao hawakuona kitu kilichotulia, waliweza kutambua kitu kinachosogea. Macho yao yalikuwa mazima. Jicho hupokea mwanga tu. Kazi ya kuutafsiri ni ya ubongo.

Katika nchi tajiri, uoni hafifu unaotokana na ubongo ndio unaoongoza kwa kuwanyima watoto uwezo wa kuona. Visababishi vyake vinajulikana pia Mogitu, wilayani Hanang, Tanzania: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa njiti, sukari kushuka katika siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, kichwa kujaa maji, malaria kali yenye degedege. Katika wilaya za Iganga na Mayuge, Uganda, watafiti waliripoti mwaka 2017 kwamba watoto karibu 3 katika kila 1,000 wana mtindio wa ubongo, na malaria ilikuwa miongoni mwa vyanzo. Wengi wenye mtindio huo huwa na shida ya kuona, ila kiti cha magurudumu huonekana kwanza, macho yakasahaulika.

Mogitu ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Haydom, penye hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Utafiti wa miaka mingi hospitalini hapo ulizaa mpango wa uzazi salama uliopelekwa katika vituo 30 vya kutolea huduma za afya vya mikoa 5, Manyara ukiwemo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua kwa takriban asilimia 40. Ni ushindi mkubwa, na unadai kazi ya pili: mtoto aliyechelewa kulia, akaokolewa, afuatiliwe anavyoona.

Kumpima hakuanzi na mashine. Picha ya ubongo inaweza kutoka safi ilhali mtoto haoni vizuri. Kwanza macho yenyewe yakaguliwe, na miwani itolewe ikihitajika, kwa kuwa mtoto anaweza kuwa na matatizo yote mawili, la macho na la ubongo. Kisha mama aulizwe, tena asikatizwe. Je, mtoto hukodolea taa au dirisha? Hugeuza uso pembeni anaponyoosha mkono kushika kitu? Hujikwaa kwenye ngazi kwa sababu haoni sehemu ya chini? Humtambua mama kwa sauti tu? Humpoteza mnadani, ingawa nyumbani humwona upesi?

Swali hilo la mwisho lina uzito. Daktari Gordon Dutton wa Glasgow ameeleza kwa kirefu njia mbili ndani ya ubongo: moja hutambua kitu ni nini na uso ni wa nani, nyingine huonyesha kiko wapi na kinasogeaje. Ya pili ikijeruhiwa, vitu vikirundikana mtoto hupotea katikati yake. Akichoka, akiwa na njaa au kukiwa na kelele, hali huzidi. Asubuhi anaona, jioni haoni, wala hajifanyi.

Lea Hyvärinen, daktari wa macho wa Finland, alibuni vibao vya kumpimia hata mtoto asiyesema: kimoja cha kijivu, kingine cha mistari, jicho likifuata mistari, kipimo kimepatikana. Vibao visipokuwepo, uchunguzi wa mwanzo bado unawezekana: chumba kimya, kanga nyeusi ukutani, kikombe chekundu kimoja, kisogezwe polepole, kisha mpimaji asubiri. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi.

Wahudumu wa afya na walimu wa wilaya za Hanang na Mbulu wanaombwa wasimwandike mtoto kuwa mzito au mkaidi kabla ya uchunguzi huo. Na mzazi aliyeambiwa kwamba macho ya mwanawe ni mazima, ilhali anaona mwenyewe kuna tatizo, arudi kliniki aeleze kila alichokiona.