Njia ya Baiskeli: Je, Ni Hiari au Ni Lazima?

Hotuba ya afisa wa barabara na uchukuzi wa kaunti katika baraza la wananchi



Tangu tuanze kuzungumzia njia za baiskeli, swali moja limekuwa likirudi. Dereva wa matatu anauliza: njia ikikamilika, baiskeli zitaondolewa kwenye lami? Muuza maziwa anauliza lilo hilo, lakini kwa hofu: nitashtakiwa nikionekana barabarani?

Ujerumani wamebishana juu ya swali hili kwa miaka mingi, na kesi yao moja ina funzo kwetu.

Huko, kanuni za mwaka 1934 ziliwalazimisha waendesha baiskeli kutumia njia yao popote ilipokuwepo. Tangu Oktoba 1998, wajibu huo umebaki tu palipowekwa alama ya duara ya buluu yenye picha nyeupe ya baiskeli. Mkazi mmoja wa mji wa Regensburg akaenda mahakamani kupinga alama zilizowekwa mjini mwake. Kesi ilipanda hadi mahakama ya juu kabisa ya masuala ya utawala nchini humo, iliyoko Leipzig. Tarehe 18 Novemba 2010 akashinda.

Majaji walisema kwamba alama ile ni amri, kwa kuwa inamzuia mtu kutumia barabara ambayo kwa kawaida ana haki ya kuitumia. Kwa hiyo mji unaweza kuiweka pale tu ambapo hali ya mahali penyewe inaleta hatari inayozidi kwa kiasi kikubwa hatari ya kawaida ya barabarani. Mji ukitaka kuamuru, lazima uonyeshe hatari hiyo. Njia zenyewe hazikulazimika kubomolewa. Alama ikiondolewa, njia inaweza kubaki, na anayeitaka anaitumia kwa hiari.

Huenda mtu akauliza: kuna ubaya gani kumlazimisha mtu kupita mahali salama? Tatizo ni kwamba njia ya kando si salama kila mahali. Kwenye makutano, gari linalokata kona huvuka njia hiyo, na dereva huenda asimwone mwenye baiskeli aliyekuwa pembeni, nyuma ya magari yaliyoegeshwa. Na sisi tunajua mambo yetu: njia ikishazibwa na bodaboda, vibanda na mchanga wa ujenzi, mwenye kubeba mitungi ya maji apite wapi?

Uamuzi wa Leipzig haufungi mahakama zetu. Lakini msingi wake si mgeni hapa. Kifungu cha 47 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya kutendewa na serikali kwa njia halali, ya busara na ya haki. Anayeumizwa na uamuzi wa ofisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 inamruhusu kwenda mahakamani uamuzi huo uchunguzwe. Jedwali la Nne la Katiba nalo limetukabidhi sisi kaunti barabara za kaunti na usimamizi wa magari. Kwa hiyo tukikosea, tutakaoitwa kujibu ni sisi, na gharama ya kesi ni pesa zenu.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: tujenge njia nzuri kwanza, watu waifuate kwa kupenda. Kabla ya kumlazimisha yeyote, tujiulize mambo matatu. Je, kipande hicho cha barabara kina hatari ya pekee, na tunaweza kuionyesha? Je, njia inapitika kila siku, hata wakati wa mvua? Je, wanaoitumia wamesikilizwa?

Ndugu madereva, najua mnachoshwa na foleni. Lakini mwenye baiskeli naye anatafuta riziki kama ninyi.

Kwa hiyo msiondoke kimya. Mwambieni karani aliye pale mezani ni makutano gani yanawatisha na ni wapi njia imezibwa. Asiyeandika aseme, ataandikiwa.