Oda Kubwa ya Picha: Punguzo Litoke Wapi?



Mpiga picha wa mjini Kisii, Keroka au Nyamira amezoea mteja wa picha moja: ya pasipoti, ya harusi, ya mahafali. Bei yake anaijua kwa moyo. Taabu huanza siku meneja wa hoteli anapoingia dukani na kusema: “Tunataka picha 200 za A3, zikiwa kwenye fremu. Ukitupa kwa nusu bei, kazi ni yako.” Oda kama hiyo inaweza kulipa karo ya mwaka mzima. Inaweza pia kufunga duka. Tofauti iko katika hesabu inayofanywa kabla ya kujibu.

Uchukuliwe mfano. Bei zinazotajwa hapa ni za kufundishia tu. Kila duka litaweka zake. Studio moja huuza picha ya A3 yenye fremu kwa Sh1,800. Ndani ya bei hiyo, kuosha picha ni Sh300, fremu na kioo Sh500, kusafisha na kurekebisha rangi kwenye kompyuta Sh300, kazi ya kukata na kufunga Sh150, kodi ya duka, stima na usafiri Sh150. Jumla ya gharama ni Sh1,400. Faida ni Sh400.

Sasa zinatakiwa picha 200. Swali la kwanza la kumuuliza mteja ni hili: picha 200 kutoka kwa picha ngapi tofauti? Tuseme hoteli imechagua picha 10, miongoni mwao milima ya Manga, wachonga mawe wa Tabaka na wachuma chai wa Nyamira, na kila moja itatolewa mara 20. Kwa sababu ya wingi, kuosha kunashuka hadi Sh250, jumla Sh50,000. Fremu zinanunuliwa kwa jumla kwa Sh430, jumla Sh86,000. Kurekebisha picha 10 ni Sh3,000 tu. Lakini kazi ya mikono haikushuka: kufunga fremu 200 ni Sh30,000, kwa kuwa fremu ya mia mbili huchukua dakika zilezile za fremu ya kwanza. Usafiri na kufungasha ni Sh12,000. Sehemu ya kodi ya duka na stima ni Sh12,000. Mwisho ni akiba ya zitakazoharibika, yaani vioo vitakavyovunjika na karatasi zitakazokunjika. Asilimia 5 ya gharama ya picha na fremu ni Sh6,800.

Jumla ni Sh199,800, sawa na Sh999 kwa kila picha.

Meneja aliomba nusu bei, yaani Sh900. Mpiga picha akikubali atapokea Sh180,000. Atakuwa amefanya kazi wiki kadhaa ili apoteze Sh19,800, na huku majirani wanampongeza kwa kupata tenda.

Je, amkatalie? La hasha. Gharama ya kila picha imeshuka kutoka Sh1,400 hadi Sh999, karibu Sh400. Hizo Sh400 ndizo punguzo halali la mteja, kwa sababu zimeletwa na wingi wa oda yake mwenyewe. Bei ikiwa Sh1,400, mteja amepunguziwa zaidi ya moja ya tano, na duka limebaki na faida ileile ya kama Sh400 kwa picha. Oda yote ni Sh280,000, na kinachobaki ni Sh80,200. Punguzo litoke kwenye gharama iliyoshuka kweli, lisitoke kwenye jasho la mtu.

Hoteli ikisema inataka picha 200 zote tofauti, hesabu inageuka. Kurekebisha peke yake kutagharimu Sh60,000 badala ya Sh3,000, na gharama ya kila picha itapanda hadi Sh1,284. Hapo punguzo la haki ni kama Sh116 tu. Ndiyo maana bei isitamkwe kabla swali la kwanza halijajibiwa.

Jambo la pili ni pesa taslimu. Faida ya Sh80,200 iko kwenye karatasi; karatasi za picha, fremu na vioo hulipiwa leo. Katika mfano huu vifaa pamoja na akiba ya uharibifu ni Sh142,800. Malipo ya awali ya nusu, Sh140,000, yanakaribia kuvilipia vyote. Hiyo ndiyo sababu ya kudai nusu, na mteja akielezwa hivyo huelewa. Asiyelipa awali na kuomba siku 90 anaomba mkopo. Mpiga picha akikopa Sh142,800 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, miezi mitatu itamgharimu Sh8,568. Riba hiyo iingie kwenye bei.

Kwa ofisi za umma, Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inatenga angalau asilimia 30 ya ununuzi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kupitia mpango wa AGPO. Mwenye studio aliye katika makundi hayo ajisajili. Ila asianze kazi kwa ahadi ya simu; angoje LPO iliyotiwa sahihi.

La tatu ni kodi. Tangu Julai 2023, duka linalolipa kodi ya mauzo ghafi, maarufu kama TOT, hutozwa asilimia 3 ya mauzo yote, si ya faida. Kwa oda ya Sh280,000 hiyo ni Sh8,400, na faida inabaki Sh71,800. Aidha, tangu Januari 2024 kampuni huhitaji ankara ya eTIMS ili gharama yake ikubaliwe katika hesabu ya kodi. Studio isiyoweza kuitoa itapoteza wateja wakubwa hata kama bei yake ni nzuri.

La nne huwapita wengi: kuuza picha ukutani si kuuza haki ya kuichapisha. Hoteli iliyonunua fremu 200 haijanunua ruhusa ya kutia picha hizo kwenye kalenda au mabango. Matumizi hayo yana bei yake, na yaandikwe kando. Lakini kuna mtego. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, mteja akimwagiza mpiga picha akapige picha mpya, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa mteja, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Hakimiliki ya picha hudumu miaka 50. Sentensi moja kwenye mkataba inaweza kulinda mali ya miaka 50; ikikosekana, mali hiyo imekwenda pamoja na oda.

Nao wanaoonekana pichani, kama mchonga mawe na mchuma chai, waombwe ridhaa kwa maandishi. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake.

Basi kotesheni nzuri iwe na nini? Idadi ya picha na ya picha tofauti, ukubwa, aina ya karatasi na fremu, bei ya moja na jumla, malipo ya awali na siku ya kumaliza deni, nani anasafirisha na nani anatundika, matumizi yaliyoruhusiwa, na siku ambayo bei hiyo inakoma, maana bei ya vioo haimngoji mtu. Faili za mteja zikaguliwe pia: A3 safi huhitaji nukta kama 3,508 kwa 4,961, na picha iliyopitia WhatsApp kwa kawaida haifiki hapo. Kisha itolewe sampuli moja, mteja aitie sahihi nyuma, ndipo zile 199 zifuate.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Meneja wa hoteli huja na daftari lake. Mpiga picha naye afungue lake, aonyeshe punguzo limetoka wapi na kwa nini haliwezi kuzidi hapo. Mteja anayetaka kazi nzuri atakaa wazungumze. Anayetaka nusu bei tu aachwe aende, na duka litafunguliwa kesho asubuhi kama kawaida.