Kanivali ya Karibi: Tuhifadhi Vazi au Tuhifadhi Banda?



Nimeombwa kuzungumzia maana ya kanivali ya Karibi kwa utambulisho na urithi wa watu wake. Nianze na tahadhari ambayo waajiri wangu huko London hupenda isikike: haya ni maoni yangu, si msimamo wa makumbusho ninayofanyia kazi.

Fasili nitazipitia haraka. Mkataba wa UNESCO wa 2003 kuhusu urithi usioshikika mnao kwenye makabrasha. Unataja desturi, maarifa na stadi, pamoja na vitu na mahali vinavyoambatana nazo. Mahali pamo ndani ya fasili, ingawa tukifika kwenye bajeti husahauliwa.

Historia pia mnaijua kwa sehemu. Walowezi Wafaransa walioingia Trinidad na watumwa wao baada ya 1783 walicheza dansi za vinyago majumbani mwao. Utumwa ulipofutwa mwaka 1834, walioachwa huru waliichukua mitaa kwa mienge, ngoma na mchezo wa fimbo, katika maandamano yaliyoitwa Canboulay. Mwaka 1881 polisi wa Kapteni Baker walipambana nao Port of Spain, na 1884 ikatungwa sheria ya kuzima ngoma na mienge. Watu wakageukia mianzi, wakaitwanga ardhini. Katika miaka ya 1930 wakapiga mikebe ya biskuti na mapipa ya takataka, kisha mapipa ya mafuta, na humo ikazaliwa pan, ngoma ya chuma, ambayo bendi ya TASPO iliipeleka London mwaka 1951 na ambayo tangu 1992 ni ala ya taifa la Trinidad na Tobago. Ala zilipigwa marufuku, zikavunjwa, zikabadilishwa. Waliodumu ni watu waliokutana usiku mahali fulani wakafundishana.

Kuhusu utambulisho nitaje mambo mawili. Mwaka 1957 huko Trinidad, mbunifu wa kanivali George Bailey aliingiza barabarani bendi yake ya wavaaji mavazi, iliyoitwa "Back to Africa", na Mwafrika aliyezoeleka kuchezwa kama mshenzi wa kuchekwa akaonekana katika fahari ya kifalme. Huko London, Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad aliyefukuzwa Marekani, aliandaa kanivali ya ukumbini Januari 1959, miezi michache baada ya ghasia za kibaguzi za Notting Hill. Tamasha la mtaani la Notting Hill lilifuata mwaka 1966 kwa juhudi za mwanaharakati wa mtaa huo, Rhaune Laslett. Mtu wa Dominica, wa Saint Lucia na wa Trinidad, ambao kwao hawakujiona wamoja, walijikuta Wakaribi katika barabara za Uingereza. (Wazee wetu wa pwani ya Afrika Mashariki waliocheza ngoma ya beni na kujipa vyeo vya jeshi la Kizungu wangewaelewa papo hapo wachezaji wa kanivali ya Port of Spain wanaovaa kama mabaharia.)

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta, na Mwenyekiti aniwie radhi nikila dakika za mwenzangu.

Makumbusho yanapenda vazi. Kila Agosti, kanivali ya Notting Hill ikishapita, hutufikia vazi zuri, tunalipiga picha, tunalipa namba na kulifungia kwenye sanduku. Baada ya miaka sponji inaanza kubomoka, gundi inageuka manjano, manyoya yanaliwa na wadudu, nasi tunaandika andiko la kuomba fedha za kuliokoa. Fedha hizo hupatikana. Zisizopatikana ni za kodi ya pango la banda lilimotengenezwa.

Banda hilo, ambalo wenyewe huliita kambi ya mas (mas ni uchezaji wa mavazi ya kanivali), huwa chini ya tao la reli, kwenye ukumbi wa kanisa au sebuleni kwa mtu. Humo ndimo kijana anajifunza kukunja waya, na hakuna kitabu kinachomfundisha hilo. Anasimama kando ya fundi mpaka mkono wake ujue namna ya kuufanya uzito wa vazi uangukie nyonga usiivunje shingo, na upepo upite bila kumwangusha mchezaji. Cito Velasquez alisifika Trinidad nzima kwa ustadi huo wa waya. Peter Minshall, mbunifu wa mavazi ya kanivali, alifika hadi sherehe za Olimpiki za Barcelona mwaka 1992. Mwenye jengo akipandisha kodi, kambi inahamia mbali, watoto hawafiki, fundi anastaafu. Nimeandika barua nyingi kuhusu hili. Jibu ni lilelile: ruzuku ni za mradi wenye mwanzo na mwisho, na kodi ya pango si mradi.

Huko Trinidad kwenyewe hali si nyepesi. Bendi kubwa huagiza mavazi kutoka China, na kazi iliyokuwa ikijaza nyumba za Belmont na Woodbrook imepungua. Mavazi hayo mengi ni bikini na shanga, nami siwalaumu wanawake wanaoyavaa. Wanalipia siku mbili za kanivali za kuimiliki miili yao, na wazee wanaowasema wamekosea wa kumlaumu. Pan nayo ina shida ya ardhi: Desperadoes, bendi ya kilima cha Laventille, ilihama kilimani kwa sababu ya usalama.

Napendekeza, kwa heshima zote, kwamba fungu la uhifadhi liruhusiwe kulipa kodi ya pango. Kambi za mas na viwanja vya mazoezi ya pan viorodheshwe kama mahali pa urithi kabla ya mavazi. Kila vazi linapopokelewa, fundi alipwe kuwafundisha wanafunzi hatua za kulitengeneza, na mafunzo yafanyike kambini kwake, si ukumbini kwetu. Majengo ya umma yanayokaa tupu jioni yafunguliwe kwa vikundi, kwa mkataba wa miaka, si wa wiki. Tathmini isihesabu watazamaji tu, ihesabu waliojifunza kazi. Bendi zinazoagiza mavazi nje zihimizwe kuacha walau sehemu moja ikunjwe nyumbani. Kodi ya pango, narudia, iingie kwenye bajeti. Na hapa kwetu, kamati inayoandaa orodha ya ngoma iulize kwanza kila kikundi kinafanyia mazoezi wapi, na mwenye kiwanja ni nani.

Makadirio ya gharama yako ukurasa wa mwisho wa kabrasha. Mhasibu alishauri kodi ya pango iwekwe chini ya "mengineyo". Nimeiacha mstari wa kwanza.